Nywele Zisizoanguka

Kwenye programu ninayotumia kuchora wahusika wa katuni, nywele zinajua kuanguka tu. Bofya kitufe, zinamwagika mabegani. Upepo ukivuma, zinaufuata. Sasa jaribu kumpa mhusika nywele za kipilipili, hizi zetu ambazo zikiachwa huru zinapanda juu. Utakesha. Unatengeneza kitu kama mpira mweusi, unaupandikizia vinyweleo, halafu unaomba kamera isisogee karibu.

Mwaka jana mteja alitaka msichana wa darasa la tatu kwa tangazo fupi. Alipoona siku ya nne inaisha na bado nahangaika na afro, akasema, "Si umvalishe tu kofia?" Tangazo likatoka na kofia. Mpwa wangu alilitazama akaniuliza, "Anti, kwani huyo hana nywele?"

Shida si kompyuta yangu, wala si mikono yangu. Ni hesabu. Mwaka 1989 James Kajiya na Timothy Kay walionyesha dubu wa kuchezea mwenye manyoya yaliyochorwa na kompyuta, na tangu hapo watafiti wamechambua jinsi unywele unavyopitisha mwanga, unavyopinda na unavyogusana na mwenzake. Lakini unywele waliokuwa nao akilini, mara nyingi, ulikuwa umenyooka au una mawimbi kidogo. Theodore Kim, profesa wa Chuo Kikuu cha Yale, aliandika mwaka 2020 kwamba fani hii iliuchukua mwili wa Mzungu ikauita "binadamu", ngozi na nywele pamoja.

Mwaka 2024, Kim na wenzake Haomiao Wu, Alvin Shi na A.M. Darke walitoa makala kuhusu nywele zilizojisokota sana. Nilipoisoma nilicheka, maana msusi wangu anayajua yote hayo kwa vidole.

Wanaeleza mambo matatu. Karibu na ngozi ya kichwa, kila unywele una mwendo wake. Kadiri unavyotoka nje, nywele jirani zinaanza kujisokota kwa hatua moja, hadi zinakuwa vishungi. Pili, unywele uliokuwa ukizunguka kulia unaweza kugeuka ghafla ukazunguka kushoto, kama waya wa zile simu za mezani. Tatu, kuna nywele chache zinazoruka hatua, zinaachana na kishungi na kubaki nje peke yake. Hizo ndizo zinazoifanya afro ionekane kama wingu ukisimama dirishani. Ndizo pia tulizofundishwa kuzilaza kwa mafuta na brashi kabla ya picha ya shule.

Hapo ndipo niliposhikwa. Kile tulichoambiwa ni nywele "hazijatulia" kina mpangilio, na mpangilio huo unaandikika kwa hesabu.

Makala bado si kitufe, lakini. Kwenye mashine yangu hakuna kilichobadilika, na mteja ajaye hatangoja siku nne. Ila sasa nikiambiwa afro ni ngumu, nina jibu: haikuwa ngumu, haikuwa imeshughulikiwa.

Kitufe kitakuja. Ningependa tu kiandikwe na mtu aliyewahi kukaa sakafuni Jumapili jioni, kichwa katikati ya magoti ya mamake, akisukwa huku machozi yanamtoka.