Langilangi Ndani ya Chupa ya Paris

Mama mdogo alikuja Unguja kutoka Muscat mwaka 1986, na ndani ya begi lake, katikati ya halua na vitambaa, mlikuwa na kisanduku cheupe chenye ukingo mweusi. Akatoa chupa ya pembe nne, wazi kama chupa ya dawa, imebandikwa karatasi nyeupe: No. 5, Chanel, Paris. Nilikuwa na miaka 11. Nilitarajia nakshi kama za mrashi wetu wa fedha, na chupa ile ikanivunja moyo.

Alimpulizia mama mkononi. Mimi nilinusa sabuni na jua, kama kanga iliyoanuliwa sasa hivi kambani, lakini kali mno, nikarudi nyuma. Mama hakusema neno. Akaendelea kuchambua mchele. Baadaye sana akaunusa tena ule mkono, macho kafumba.

"Hapa pana langilangi," akasema. "Asumini ipo. Na chini kabisa pana zabadi. Hawa wametengeneza tibu."

Mama mdogo akacheka. Langilangi ifikeje Paris? Mti wetu sisi ulikuwa nyuma ya nyumba, mrefu kuliko paa, na vijana walikwea kutuangushia maua.

Lakini pua ya mama ilikuwa ndiyo kazi yake. Mabibi harusi wa mtaa mzima walivaa vikuba alivyovitunga yeye: asumini, rehani, mkadi, waridi. Hakuwahi kutunga kikuba cha ua moja. Alisema ua moja huchosha kabla ya usiku wa manane.

Nilikwishaolewa niliposoma habari za marashi yale, nikajua mama hakukosea hata kimoja. Yalitoka mwaka 1921. Ernest Beaux, mtengeneza manukato aliyezaliwa Moscow, alimwekea Gabrielle Chanel vichupa vya majaribio vyenye namba, naye akachagua cha 5. Asumini ilitoka Grasse, kusini mwa Ufaransa. Harufu ile ya kanga ya juani ilitokana na kemikali ziitwazo aldehaidi, ambazo Beaux alizitia kwa ukarimu. Ulaya walistaajabu, kwa kuwa mwanamke wa heshima alizoea kunukia waridi tupu au urujuani tupu. Kwetu Unguja kuchanganya ndiyo ada, na naamini ndiyo maana mama aliyaelewa mara moja.

Na langilangi ya marashi yale ni ya Komoro, kwa jirani zetu. Kule mti hauachwi urefuke kama wetu; hukatwa kichwa na matawi kuinamishwa, wanawake wakachuma alfajiri wakiwa wamesimama chini. Maua hupikwa kwa mvuke saa nyingi, na mafuta ya mwanzo ndiyo ghali kuliko yote. Kilo moja ya mafuta hula kiasi cha kilo 50 za maua. Tangu nijue hayo, kila nionapo tangazo la Chanel macho yangu hutafuta mikono ya wale wachumaji, na haimo.

Zabadi ndiyo iliyobadilika. Zamani ilikuwa ya ngawa, mnyama anayefungiwa katika kizimba chembamba na kukwanguliwa tezi. Mwishoni mwa karne iliyopita marashi yale yakahamia zabadi ya maabara. Nafurahi kwamba waliiacha, ingawa najua kitu kilipungua.

Mwaka 2014 nilinunua chupa kwa pesa zangu nikampelekea mama. Alikuwa haoni vizuri tena. Nikampulizia mkononi, palepale pa mwanzo, tukakaa tukazungumza hadi adhana ya alasiri. Ndipo akaunyanyua mkono.

"Langilangi ipo," akasema. "Zabadi siyo ile."

Nikamweleza habari ya ngawa na kizimba. Alinyamaza kidogo.

"Basi heri mnyama apumzike, mwanangu. Nipe chetezo."

Nikatia makaa, yeye akaweka udi kwa kupapasa, akaitandaza kanga yake juu ya tenga mpaka moshi ukaingia kila uzi. Ilipopoa akanishika mkono, akauelekeza kwenye pindo.

"Pulizia hapa. Kidogo tu, chini ya udi."

Nikapulizia. Akajitanda, akavuta pumzi, akaniambia niongeze mara moja.