Ndege Ikilala Inakula

Nilipoajiriwa Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, miaka ya tisini, kuwa karani wa hesabu katika kampuni ndogo ya ndege za kukodi, mwenye ndege alikuwa mwenyewe kweli. Mzee wetu aliweka hati ya shamba benki, akachangiwa na nduguze, akanunua Cessna Caravan iliyokwisha tumika. Ndipo akaanza kuitafutia kazi. Asubuhi watalii wa Maasai Mara, mchana tunasubiri simu ilie. "Kijana, ndege ikilala inakula," aliniambia, nami niliyeshika daftari nilijua inakula nini: bima, mishahara ya marubani, kodi ya hanga, riba.

Kazi ya maana ilikuwa Lokichoggio. Tangu 1989 Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada walipeleka chakula na dawa kusini mwa Sudan chini ya Operation Lifeline Sudan, na mji ule mkavu wa Turkana ukajaa ngurumo. Ndege kubwa za Hercules zilidondosha magunia kutoka angani. Sisi wadogo tulibeba wauguzi na chanjo hadi viwanja vya udongo. Kazi nyingine zilipatikana kwa kujuana tu: afisa wa shirika anampigia Mzee, bei inakubaliwa, karatasi zinafuata baadaye.

Kisha zikaja zabuni. Bahasha mbili, ya ufundi na ya bei. Ukianguka kwenye ya kwanza, ya pili haifunguliwi. Wakaguzi wakapekua kumbukumbu za injini na saa za mapumziko ya marubani. Mzee alinung'unika, lakini mikataba ile ilikuwa na kifungu kitamu: mteja analipia idadi maalumu ya saa kila mwezi, ndege iruke isiruke. Ndege, marubani, matengenezo na bima juu yetu. Mafuta, mara nyingi, juu ya mteja.

Benki walikielewa kifungu hicho kuliko walivyowahi kuielewa ndege. Swali la kwanza halikuwa tena shamba liko wapi, bali mkataba una miezi mingapi. Hapo mambo yakageuka: kazi ikatangulia, ndege ikafuata.

Waliopotea walipotelea kwenye bei. Injini ya Caravan kwa kawaida hufunguliwa na kufanyiwa matengenezo makubwa ikitimiza saa 3,600, na gharama yake ni ya kutisha. Lazima kila saa iruke na akiba yake. Wapo waliosahau akiba hiyo makusudi ili washinde zabuni. Wakashinda, wakashangilia, injini ikafika siku yake.

Halafu mkataba ni wa miezi, deni ni la miaka. Januari 2005 amani ya Sudan ilipotiwa saini Nairobi, shughuli za misaada zilianza kuhamia Juba na Lokichoggio ikapoa. Aliyekodi ndege aliirudisha kwa mwenyewe. Aliyenunua alibaki nayo, na riba yake.

Mwaka uliofuata Kenya ilijiunga na Mkataba wa Cape Town, unaompa mkopeshaji au mkodishaji njia iliyo wazi ya kuichukua ndege yake asipolipwa. Wenye ndege wa ng'ambo wanaokodisha hupenda hakikisho la namna hiyo.

Mwanawe Mzee yumo kwenye biashara ya ndege za kukodi sasa. Hushinda zabuni kwanza, kisha hukodi ndege ya kuifanyia, na hana hata moja iliyoandikwa jina lake. Babake humwita dalali.