Nazi Mahali pa Siagi

Neno "badala" limenisumbua kwa muda mrefu. Mwalimu anayeingia darasani kwa sababu mwenzake ameugua ni badala kweli, maana aliyestahili kuwamo anajulikana. Lakini nikisoma vitabu vya mapishi vinavyouzwa mjini siku hizi, vikinielekeza kutumia mafuta ya nazi au siagi ya nazi badala ya siagi ya maziwa, hujiuliza ni nani hasa aliyetangulia. Huko vilikoandikwa huenda siagi ndiyo iliyotangulia. Kwetu pwani ya Tanga, nyumba ikikosa nazi ndipo watu walipoanza kuulizana wafanye nini. Siagi ilitujia ndani ya kopo, tena kwa walio nacho, na hata leo wengi wetu tukisema siagi tuna maana ya majarini.

Watu wa pwani tuna jina la tunda hili kwa kila umri wake: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, mpaka mbata. Mtu hapewi majina mengi namna hiyo asipokuwa na kazi nyingi. Tui likaingia kwenye wali, mchuzi, maharage, kisamvu, vitumbua, mkate wa kumimina na mahamri. Hebu angalia, ndugu msomaji, hayo matatu ya mwisho. Ni vyakula vya unga na sukari, vyakula vya chai, ambavyo mahali pengine pa dunia visingekamilika bila maziwa na siagi. Bibi zetu walivikamilisha kwa tui na iliki, na hakuna aliyesema wamefanya ubadala.

Nisingeandika haya yote kama si mjukuu wangu wa kike. Alipokuwa na miezi minane, mwaka 2018, alipewa uji uliotiwa maziwa ya ng'ombe. Kabla kikombe hakijaisha midomo ilikuwa imevimba na mwili umejaa vipele kama aliyepitiwa na upupu. Alipelekwa hospitali akapona, na baadaye daktari akathibitisha kwamba ana mzio wa maziwa ya ng'ombe. Akatuambia kwamba watoto wengi huachana na hali hiyo wanapokua. Huyu wetu hajaachana nayo. Amekatazwa maziwa, siagi, na samli pia, kwa kuwa samli hata ikichujwa vizuri huweza kubakiwa na chembe za maziwa. Majarini nayo tukaambiwa tusome maandishi ya kopo kwanza, kwani baadhi hutiwa maziwa.

Mke wangu ni mtu wa samli. Visheti vyake vya Idi vinajulikana mpaka mtaa wa pili, na keki yake ya siagi, anayoioka kwa moto wa mkaa chini na makaa mengine yaliyopaliwa juu ya mfuniko, imekwisha kula harusi nyingi. Basi Idi zilizofuata tulikuwa tukimtengea mtoto sahani yake: tende, ndizi, kipande cha mkate. Alikaa pembeni ya mkeka na sahani hiyo, huku binamu zake wakigombania visheti. Nimekuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, na nimewaona watoto wa namna hiyo saa ya chakula. Hawalii. Huzoea kukaa pembeni, na wakishazoea huwezi kuwarudisha katikati kwa maneno. Mama yake, mkwe wetu, ambaye kwao ni bara ya mbali na hakukulia kwenye nazi, alikuwa akimkumbatia na kunyamaza. Nilihisi kwamba anadhani tunamlaumu. Mke wangu naye alinyamaza kwa upande wake, kwa kuwa jiko ni lake na hakuna aliyethubutu kumwambia abadilishe visheti vya mama yake mzazi.

Mkwe ndiye aliyeanza. Siku moja alikuja na chupa ya mafuta ya nazi, akaamkia, akasema, "Mama, naomba unifundishe visheti, lakini tujaribu kwa haya." Mke wangu aliinusa ile chupa, akanigeukia mimi. "Mwalimu, si haya ni mafuta ya kichwa?"

Hakuwa anamdhihaki mtu. Kwa watu wa rika letu mafuta ya nazi ya chupa ni ya nywele na ya kuchua mwili. Yale yaliyotokana na mbata iliyoanikwa vibaya yalikuwa na harufu ambayo hata kichwani haikupendeza. Lakini tulipokuwa vijana tuliyajua ya namna nyingine. Miaka ya mwanzo ya 1980, mafuta ya kupikia, sabuni na sukari vilipoadimika nchini, nilikuwa mwalimu kijana niliyetoka chuo cha ualimu si muda mrefu, na mama yangu alitukamulia mafuta nyumbani. Nilimkumbusha mke wangu kwamba kilichotukaangia samaki wakati ule hakikuwa cha kichwa. Akacheka, akaagiza nazi kumi.

Kazi yenyewe si ngumu, ila haitaki haraka. Nazi huvunjwa, hukunwa kwa mbuzi, hutiwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa kwa kifumbu. Tui hilo huachwa usiku kucha kwenye chombo kipana. Asubuhi utakuta sehemu nzito imepanda juu na maji yamekaa chini. Ile nzito huenguliwa na kuchemshwa kwa moto mdogo, ukikoroga kwa mwiko, mpaka maji yaishe. Mwanzoni huchemka kwa kelele kama wali, kisha kelele hupungua, mafuta hujitenga yakiwa angavu, na chini hubaki mashapo ya rangi ya kahawia, matamu, ambayo sisi tulipokuwa watoto tuliyapigania. Kelele zikikoma kabisa, epua. Maji yakibaki humo mafuta huchacha. Nazi kumi kubwa hutupatia karibu lita moja kasorobo.

Visheti vilikubali siku ile ile, na sababu yake ni rahisi. Samli ni mafuta karibu matupu, na mafuta ya nazi vile vile, kwa hiyo kikombe kwa kikombe hakuna hesabu ya kufanya. Jambo moja tu ndilo lililotaka akili. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi za joto na huyeyuka yakipita hapo, na jiko letu halishuki kufikia nyuzi hizo isipokuwa usiku wa Juni na Julai. Unga ukikandwa na mafuta yaliyoyeyuka huwa mzito na visheti havichambuki. Mkwe akayaweka kwenye friji mpaka yakawa meupe na magumu, ndipo mke wangu akayasugua na unga kwa ncha za vidole kama afanyavyo siku zote. (Nikiwa shuleni Lushoto niliwahi kuulizwa na wanafunzi waliotoka pwani kwa nini mafuta yao ya nywele yameoza yakawa kama mshumaa. Hayakuwa yameoza, ilikuwa Julai.)

Keki ndiyo iliyotutesa. Mara ya kwanza walipima mafuta sawasawa na siagi, gramu 250 kwa gramu 250, na ikatoka keki ambayo ungeweza kuikamua. Hapo nikaombwa ushauri, pengine kwa sababu hesabu ndiyo kazi pekee niliyoruhusiwa kuifanya jikoni humo. Siagi si mafuta matupu: katika kila gramu 100, mafuta ni kama 80, na kinachobaki karibu chote ni maji. Kwa hiyo mahali pa gramu 250 za siagi yatosha mafuta ya nazi gramu 200, na zile 50 zirudishwe kwa kitu cha majimaji. Wao wakatia tui jepesi. Mafuta hayo yasiwe maji wala yasiwe jiwe, bali laini ya kuweza kusugwa na sukari mpaka iwe nyeupe, na mayai yasitoke kwenye friji, kwani ubaridi wake huyagandisha mafuta kuwa punje ndani ya mchanganyiko. Chumvi kidogo nayo iongezwe, maana siagi nyingi za dukani huja nayo. Keki ya tatu ilikuwa keki. Haikuwa ile ya mke wangu, na yeye mwenyewe ni wa kwanza kulisema. Ina ladha ya nazi, na ikilala hukaza, kwa sababu ile ile ya mafuta kuganda. Huliwa siku ile ile au hupashwa.

Siagi ya nazi ni kitu kingine, na wengi huichanganya na mafuta. Hiyo ni nyama yote ya nazi iliyosagwa mpaka ikawa rojo, pamoja na machicha yake. Nazi mbichi ikikunwa na kusagwa haiwi siagi, ina maji mno. Lazima kwanza ikaushwe juani au kwenye kikaango kwa moto wa chini, bila kuiachia ibadilike rangi. Mkwe huisaga kwa blenda kwa dakika kumi au zaidi, akisimamisha kila mara kukwangua pembeni. Mke wangu ameitwanga kwenye kinu, ikatoka ya chenga chenga lakini yenye harufu nzuri zaidi, kwa maoni yangu. Hiyo usijaribu kuikaangia, itaungua kabla hujageuza mwiko. Wala usiipime kama siagi kwenye keki, kwani nusu ya kazi yake ni machicha. Mahali pake ni juu ya mkate, ndani ya uji wa mtoto, au kukolezea mchuzi wa samaki pasipo na nafasi ya kukuna nazi. Mjukuu hupaka juu ya chapati na kuinyunyizia sukari. Chapati zenyewe husukumwa kwa mafuta ya nazi. Zikiwa moto ni laini kuliko za samli, zikipoa zinataka meno ya ujana.

Yako mambo ambayo nazi isilazimishwe. Pilau iliyokaangiwa mafuta ya nazi siitambui, bizari na nazi hugombana humo kama wake wenza. Aidha, mafuta ya kukamua nyumbani hayapendi moto mkali. Yakianza kutoa moshi, chakula huchukua uchungu. Kwa kukaanga samaki wengi, mafuta ya alizeti ni bora.

Tena lipo suala la moyo, ambalo sitalipita kimya. Magazeti na wauzaji wameyapamba mafuta ya nazi kana kwamba ni dawa ya kila maradhi. Ukweli ni kwamba zaidi ya asilimia 80 yake ni yale mafuta ambayo wataalamu huyaita yaliyoshiba, wakati ya siagi ni karibu nusu ya uzito wake. Mwaka 2017 chama cha masuala ya moyo cha Marekani, American Heart Association, kilishauri watu wasiyatumie, kwa kuwa huongeza lehemu mbaya katika damu kama siagi ifanyavyo. Mimi mwenyewe lehemu yangu imekwisha kupanda, na daktari wangu amenipa masharti. Kwa hiyo kwenye nyumba moja tuna watu wawili: mtoto anayehitaji nazi ili ale pamoja na wenzake, na babu anayetakiwa apunguze. Mke wangu hupika visheti vya mafuta ya nazi, kisha hunihesabia vitatu mkononi mwangu, mbele ya wageni.

Mwaka 2022 mafuta ya kupikia yalipopanda bei, baada ya vita vya Ukraine kuikumba alizeti na Indonesia kuzuia kwa muda kuuza nje mawese yake, majirani walikuja kwa mke wangu kujifunza kukamua. Wengi walifanya mara moja wakaacha, kwa kuwa nazi kumi sokoni si bei ya kuchezea, na mkono unaochoka kukuna nao una gharama yake. Sisi tuliweza kwa sababu ya minazi ya uani.

Ilikuwa mitano. Miwili imekufa kwa ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao umeangusha minazi mingi ya pwani yetu: nazi changa hupukutika, makuti huwa manjano kuanzia ya chini, na mwishowe kichwa chote huanguka na kuacha kigogo kama nguzo ya simu. Hauna dawa. Bwana shamba alituambia tuikate na kuichoma, tukafanya hivyo. Mitatu iliyobaki naitazama kila asubuhi kama nilivyokuwa nikitazama mahudhurio.

Idi iliyopita hakukuwa na sahani ya pembeni. Visheti vyote vilikuwa vya aina moja, kwenye sinia moja, na mjukuu alipigania kama wengine, tena kwa kiwiko, mpaka mama yake akamkanya. Mke wangu alisema mwacheni. Nyuma ya jiko ameotesha nazi nne. Mnazi mrefu wa kwetu huchukua miaka sita mpaka minane kuanza kuzaa. Anayeimwagilia kila jioni ni mtoto huyo, naye ameweka masharti kwamba malipo yake ni mashapo ya sufuria, yote, bila kumgawia binamu yeyote.