Jicho la Ng'ombe katika Somo la Maada

Mwalimu anayefundisha hali za maada hana budi kujiandaa kwa swali moja: je, rojorojo ni yabisi au ni kiowevu? Aghalabu hutajwa yabisi, kiowevu na gesi, kisha somo likaendelea. Lakini watoto wa miteremko ya Meru wamekwisha kuona supu ya makongoro ikilala usiku mmoja wa baridi na kuamka imeganda, ikitikisika bila kumwagika. Ushahidi wanao wao.

Nilipofundisha katika shule moja juu ya Tengeru, nilianza kwa kutenga mambo mawili ambayo wengi huyachanganya: uthabiti na mpangilio. Tulitoka uwanjani. Kwanza wanafunzi walitembea ovyo kama watu wa soko la Kilombero. Hicho kilikuwa kiowevu. Kisha wote wakauelekea mlima, kila mmoja akiwa huru kumpita mwenziwe. Mpangilio ulikuwapo, uthabiti haukuwapo. Wataalamu huiita hali hiyo fuwele-oevu, nayo ndiyo hutumika katika vioo vya vikokotoo. Mwisho walishikana mabega bila kugeuza nyuso, na wadogo wa darasa la kwanza wakapenya katikati yao kama maji. Nilipomsukuma wa pembeni, safu nzima iliyumba, kisha ikarudi mahali pake. Hiyo ndiyo jeli yenye mpangilio.

Mfano wake halisi hupatikana buchani. Nilinunua macho ya ng'ombe aliyekaguliwa. (Mwalimu mwenyewe ndiye akate, na mikono ioshwe kwa sabuni.) Konea, yaani kile kioo cha mbele, ni maji kwa zaidi ya robo tatu ya uzito wake, lakini hukaza chini ya wembe. Iliyobaki ni hasa kolajeni, protini ileile inayogandisha supu ya makongoro. Weupe wa jicho nao ni kolajeni. Mbona basi huu ni mweupe na ile yapitisha nuru? Katika konea nyuzi zina unene mmoja, zimelala sambamba, tabaka juu ya tabaka, kwa nafasi zilizo sawa. Katika weupe zina unene mbalimbali na zimepishana ovyo, hivyo nuru hutawanyika. Mwaka 1957 David Maurice alieleza kwamba uangavu wa konea watokana na mpangilio huo. Mwaka 1992 Marie-Madeleine Giraud-Guille wa Ufaransa alionyesha kwamba kolajeni iliyokolezwa katika asidi hujipanga yenyewe kama fuwele-oevu. Baadaye ikadhihirika kwamba mvuke wa amonia waweza kuigandisha iwe jeli bila kuvunja safu zake.

Tuliweka konea juu ya gazeti, herufi zikasomeka. Tukaitia katika maji matupu hadi kesho yake; ilivimba, ikawa na ukungu kama uji, kwa maana maji yalikuwa yamezisukuma nyuzi kutoka katika nafasi zao. Tulipoihamishia katika gliserini halisi ya duka la dawa, maji yalivutwa nje na ukungu ukapungua. Darasa lilinyamaza kuliko siku yoyote niliyopata kudai kimya.

Ndipo msichana mmoja aliposema kwamba bibi yake ana jicho jeupe, na nyumbani inasemekana amelogwa. Nilieleza habari za vikope: maradhi hurudi tena na tena, ukope hupata kovu, kope hugeukia ndani na kuikwaruza konea. Mwenziwe akauliza kama gliserini ingemfaa bibi. Haingefaa, kwa kuwa kovu si maji yaliyozidi. Ni nyuzi zilizofumwa upya pasipo safu, na dawa yake ni kupandikizwa konea nyingine. Lakini kope zilizogeuka hurekebishwa kwa upasuaji mdogo, na jicho la pili la bibi lilikuwa bado linaona. Jioni ile msichana aliniomba nimwandikie baba yake barua.