Baraza ya Norfolk na yaliyotokea mbele yake

Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi kwa miguu, ukavuka University Way na kushika barabara ya Harry Thuku, utapita Kituo Kikuu cha Polisi, kisha uzio wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Dakika chache tu na umefika Norfolk, hoteli ya kifahari yenye kuta nyeupe na mbao nyeusi za mtindo wa kale wa Kiingereza. Ng’ambo ya barabara ni Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo.

Familia nyingi hupita hapo zikienda kutazama mchezo au kuhudhuria mahafali ya jamaa yao. Ni wachache wanaosimama. Nadhani wengi huhisi kwamba mahali kama pale pana wenyewe, na kwa kweli kwa muda mrefu palikuwa na wenyewe.

Hoteli ilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka wa 1904, miaka mitano tu baada ya reli kufika Nairobi. Mji ulikuwa bado mabanda ya mabati na matope, kwa hivyo jumba la mawe lenye paa la vigae lilikuwa ajabu. Walowezi waliposhuka kutoka kwa gari moshi walielekea huko kuoga, kula na kupata habari. Makabaila wa Uingereza walijaa humo hadi hoteli ikabandikwa jina la utani la Bunge la Makabaila. Inasimuliwa hata kwamba Lord Delamere aliwahi kuingia humo akiwa amepanda farasi. Mwafrika naye aliingia kubeba mizigo, kupika na kufua.

Hadithi za farasi na wawindaji ndizo watalii husimuliwa zaidi. Zinafurahisha, sikatai. Lakini kama una watoto wa shule, hadithi ya kuwapa ni nyingine, na ilitukia nje ya baraza hiyo hiyo.

Harry Thuku alikuwa kijana aliyefanya kazi ya simu katika ofisi ya hazina ya serikali ya kikoloni. Mwaka wa 1921 alianza kuwakusanya watu kupinga kipande, kodi ya nyumba iliyopanda na mishahara iliyopunguzwa. Alisema pia juu ya wanawake na wasichana waliolazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Machi 14, 1922 alikamatwa na kufungiwa katika kituo cha polisi kilichokuwa karibu na hoteli.

Siku mbili baadaye maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika nje wakitaka aachiliwe. Wazee waliotumwa kuzungumza na wakuu wa serikali walirudi wakiwasihi watu watawanyike, na baadhi ya wanaume wakaanza kuondoka. Hapo ndipo Mary Muthoni Nyanjiru alipojitokeza. Alipandisha nguo yake mbele ya umati, tendo ambalo kwa Wakikuyu ni tusi na laana nzito, akawaambia wanaume wampe suruali zao kwa vile wao ni waoga. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele, polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka.

Walowezi waliokuwa wakinywa kwenye baraza ya Norfolk nao wanasimuliwa kuwa walijiunga na ufyatuaji huo, wakiwapiga watu waliokuwa wakikimbia.

Kazi ya kuripoti habari za afya imenizoesha kuuliza swali moja kila ninapopewa idadi ya waliokufa: nani alihesabu? Serikali ilitaja 21. Simulizi za Waafrika waliohudumu katika chumba cha maiti zilitaja 56. Nimesoma idadi hizo mbili mara nyingi, na anayehesabu maiti kwa mikono yake huwa namsikiliza kwanza. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu bila kufunguliwa mashtaka, na ilichukua takriban miaka tisa kabla ya kuachiliwa.

Mwaka wa 1927 hoteli ilinunuliwa na Abraham Block, Myahudi aliyekuja nchini akiwa maskini, na ikabaki mikononi mwa familia yake kwa miongo mingi. Usiku wa Desemba 31, 1980, watu wakiwa mezani wakingoja mwaka mpya, bomu lililipuka na kubomoa sehemu ya jengo. Takriban watu 20 waliuawa na zaidi ya 80 wakajeruhiwa. Shambulio hilo lilihusishwa na hatua ya Kenya kuruhusu ndege za Israeli kutua Nairobi wakati wa uokoaji wa mateka wa Entebbe mwaka wa 1976. Hoteli ilijengwa upya.

Kisha Mei 2020 korona ikafanya kile ambacho bomu halikufanya: milango ikafungwa na wafanyakazi wakapewa notisi za kuachishwa kazi. Wengi waliozungumzia kufungwa huko walililia jengo na historia yake. Mimi nilimfikiria mpishi mwenye karo ya kulipa. Hoteli ilifunguliwa tena baadaye.

Leo mwenye pesa yake anakaribishwa, awe nani. Chai ya hapo si ya bei ya kibandani, kwa hivyo ukienda na watoto watatu fanya hesabu kwanza. Lakini kusimama ng’ambo, upande wa ukumbi wa maigizo, ni bure. Waonyeshe baraza, kisha wageuze watazame upande wa kituo cha polisi, wapime kwa macho umbali ulivyo mfupi. Halafu waulize jina la barabara waliyosimama. Nendeni asubuhi ya Jumapili, magari yakiwa machache, na wakitaka kuendelea, Makumbusho ya Kitaifa hayako mbali, juu ya Museum Hill.