Kicheko Kina Ukoo

Wajukuu zangu wa Garissa mnaoingia studio,

Kipaza sauti nimekiweka chini, koo limechoka. Ngamia wa kuwarithisha sina. Nina maneno machache tu kuhusu kazi hii ya kuchekesha watu kwa habari za nyumbani.

Kwanza mjue mnasema na nani. Pale Soko Mugdi, Garissa, mama muuza maziwa ya ngamia huegemeza redio kwenye mtungi, mkono ukipima maziwa, sikio likipima maneno. Ukisema jirani yako fulani kagombana na mkwewe, yeye hataki kujua ni kweli au uongo. Atauliza ni mke wa nani, wa ukoo gani. Kabla ya adhuhuri jibu atakuwa nalo. Huku kwetu, kutoka Mandera hadi Ijara, mtu hachekwi peke yake. Ukimcheka mama mkwe umeucheka ukoo mzima, na wazee watakaa chini ya mti kuamua fidia ya mzaha wako ni ngamia wangapi.

Basi jifunzeni kwa waliotangulia. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alianza kipindi cha redio cha "Je, Huu ni Uungwana?" mwaka 1966 na akakiendesha kwa zaidi ya miaka 50. Alisimulia tabia, akauliza swali, kila msikilizaji akajikuna ajipatapo.

Mwandishi Wahome Mutahi naye, katika safu yake ya Whispers, aliianika nyumba yake gazetini kila Jumapili. Mke aliitwa Thatcher, jina la waziri mkuu wa Uingereza aliyesifika kwa ukali. Lakini tazameni nani aliangushwa kila wiki: Whispers mwenyewe, baba mpenda pombe na majigambo, asiyeshinda hata kesi moja mbele ya mkewe na watoto.

Nanyi anzeni na nafsi zenu, ndipo mfike kwa watu wa nyumbani. Msemeni baba anayetafuna miraa hadi alfajiri, kisha anawafokea watoto kwa kuchelewa kuamka. Akisikia, atakasirika, lakini kesho atafungua redio tena. Msiogope ukweli wa namna hiyo. Familia isiyo na kasoro haimletei mtu kicheko.

Kisa cha nyumbani kisikike nyumbani kwanza. Msomee mwenzio wakati wa chai. Akicheka, kipeleke hewani. Akinyamaza na kuendelea kumimina chai, kichane. Talaka, ugonjwa na aibu ya mtoto msiviguse: mtoto atakua, na sauti yako bado itakuwa inazunguka kwenye simu za wenzake.

Mkilazimika kuchagua kati ya kuwafurahisha wasikilizaji na kulinda heshima ya mama yenu, msisite. Wasikilizaji wana stesheni nyingine. Mama ni mmoja.

Wabillahi tawfiq,
Babu yenu