Chupa isiyo na jina isikae ndani ya nyumba

Jioni moja huko Mgeta, mtoto wa miaka minne aliona chupa ya maji uvunguni mwa kitanda. Ndani yake kulikuwa na kitu cheupe. Nyumbani kwao wanafuga mbuzi wa maziwa, na maziwa huwekwa katika chupa kama hiyo. Alikuwa ameshafungua kifuniko dada yake alipomwahi.

Hayakuwa maziwa. Ilikuwa dawa ya kabichi iliyobaki baada ya baba kupulizia shamba. Dawa nyingi za wadudu zikichanganywa na maji hugeuka nyeupe.

Dada huyo anasoma chuo mjini Morogoro na alikuwa likizo. Maabara imemfundisha kwamba kila chupa, hata ya maji safi, huandikwa jina la kilichomo, kiwango chake, tarehe na jina la aliyeichanganya. Isiyo na maandishi haionjwi wala hainuswi. Hutengwa kama sumu.

“Baba, chuoni chupa hii ingetengwa,” alisema.

“Mwanangu, hapa wote tunajua ni dawa.”

“Huyu mdogo hajui.”

Baba alinyamaza. Kesho yake alitengeneza sanduku la mbao, akaliweka nje ya nyumba na kulifunga kwa kufuli.

Mzazi, huhitaji kuwa na maabara ili kufuata kanuni hiyo. Acha dawa katika chombo chake cha dukani, chenye lebo. Usiihamishie kwenye chupa ya maji au soda. Changanya kiasi kinachotosha kazi ya siku hiyo tu. Chombo kikiisha, kitoboe ili kisitumike tena kuwekea maji, mafuta au maziwa.

Angalia pia utepe wa rangi kwenye lebo. Nyekundu ni sumu kali zaidi, ikifuatiwa na njano, bluu, kisha kijani. Hata yenye kijani isifikiwe na mtoto.

Mtoto akinywa dawa, usimlazimishe kutapika wala usimpe maziwa ukidhani yanaua sumu. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni, kisha mkimbize kituo cha afya. Chukua na chombo cha dawa. Lebo itamwambia mganga ni sumu gani, na hapo ndipo chupa isiyo na jina humpotezea mtoto muda.

Neno “dawa” humfanya mtoto afikirie kupona. Leo jioni, kabla ya kulala, chungulia uvunguni.